Nadhiri ya Nyale

Tarasaa, 20 Septemba 1997

Mume wangu amerudi leo. Amekonda miguu, uso umevimba kwa dawa, na nywele zimeanza kumwota upya, laini za kitoto. Nilikuwa nimepanga kulia nikimwona. Lakini alipoteremka kwenye gari la misheni akiwa amejifunga kitambaa puani, alinyoosha mkono kunizuia nisimkumbatie, nikajikuta nacheka.

"Kache, daktari amesema bado," alisema.

Tangu Aprili namngoja, na salamu yangu ya kwanza ni kuambiwa nisogee nyuma.

Acha niandike mambo yalivyo, nisije nikasahau shukrani. Mwaka jana Nyale alipatikana na saratani ya damu. Kanisa letu na misheni wakampeleka India. Kule walimpa dawa kali zilizoua uboho wake wote, kisha wakatoa uboho kwenye nyonga ya dada yake, Mumina, wakamtia yeye. Damu inayomtembea sasa ni ya Mumina. Tikiti zilikuwa mbili tu, ya mgonjwa na ya mtoaji, kwa hiyo mimi nilibaki hapa na Mbeyu wetu, aliyetimiza miaka mitatu mwezi wa saba. Mumina alirudi mapema. Nyale alibaki kule kuangaliwa.

Sheria nilizopewa: maji yachemke, chakula kiive sana, asishike udongo wala mnyama, asikae na mwenye kikohozi, na watoto wadogo wasimkaribie mpaka mwaka ujao, maana homa za watoto zinaweza kumuua. Vidonge asubuhi na jioni bila kukosa. Ndiyo sababu Mbeyu alichukuliwa na shangazi yake Mumina mwanzoni mwa mwezi huu, akaenda Madogo, ng'ambo ya mto kutoka Garissa. Mimi nilitaka aende Kilifi kwa dada yangu. Nyale alituma neno kutoka India: "Aende kwa Mumina. Aliyenipa damu tumpe heshima." Nikaona ni haki.

Mumina tulimjua kwa jina la Winfred. Aliolewa na Galgalo, Muorma mfugaji, akasilimu, akahamia kwao. Wameishi miaka mingi bila mtoto.

Jioni tumeomba pamoja, yeye kitandani, mimi mlangoni. Aliomba, mimi nikaitikia amina. Hapo ndipo nilipojua kweli amerudi.

24 Septemba

Nimechemsha maji. Nimechemsha vijiko. Nimechemsha hata foronya. Nikiendelea hivi nitajichemsha mwenyewe.

28 Septemba, Jumapili

Baada ya ibada waumini walikuja wakasimama nje ya dirisha, wakamwimbia Nyale. Alilia. Kabla ya kuugua yeye ndiye aliyekuwa mwinjilisti wao, na sauti yake ilikuwa inafika sokoni. Mzee Gershom, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliomba mpaka jua likatuchoma utosi. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono, akaniangalia kwa huruma nyingi.

"Binti yangu, Bwana akutie nguvu kwa kila atakalokuomba," alisema.

Nilidhani anaihurumia mikono yangu, ilivyobabuka kwa majivu na maji ya moto. Nikasema amina.

6 Oktoba

Nimechemsha maji. Nimeshona sare nne za shule. Nilimwambia Nyale nataka kumtumia Mbeyu gauni, kuna lori la chumvi linapita kwenda Garissa. Alisema amechoka, akageukia ukutani.

12 Oktoba

Mvua imeanza, mapema kidogo na kwa fujo. Gauni limekwisha, la manjano. Nimekisia kimo. Nimeacha pindo pana chini ili nililegeze akirefuka.

19 Oktoba, Jumapili

Nimesema leo wakati wa uji, "Mwaka mpya ukiingia tu, naenda kumchukua Mbeyu."

Nyale alikoroga uji. "Tutaona Bwana atakavyoongoza."

Mume wangu ni mtu ambaye hata chumvi ya mchuzi haiachii kwa Bwana. Nilimtazama, naye akaendelea kukoroga. Nilijiambia ni ugonjwa, umemfanya mpole.

22 Oktoba

Nimechemsha maji. Kuni zimelowa. Moshi umenitoa machozi nisiyoyahitaji.

31 Oktoba, Ijumaa

Siwezi kushona. Nitaandika.

Galgalo alikuja asubuhi. Wakati wa kiangazi ng'ombe wao huwa huku chini penye majani, na mvua ikinyesha huwarudisha juu. Alikuja kuaga. Alisimama mbali na nyumba, maana anajua sheria za mgonjwa, na alikuwa na kibuyu cha samli kipya, kimefungwa vizuri kwa ngozi. Nikamwekea kigoda chini ya ukingo wa paa la jikoni. Hakukaa.

"Mama, mimi nakuja shukuru wewe," alisema. "Nakuja kabla mvua hapana funga njia."

Nikamwambia, "Shemeji, sisi ndio wa kushukuru. Mkeo amemwokoa mume wangu."

"Hapana. Ile ya Mumina ni mfupa tu, mfupa naota tena. Wewe nafanya kubwa. Watu yangu nasema Mgiriama hapana penda sisi. Mimi naambia wao, uongo! Huyu mama nakata tumbo yake, napa sisi." Akaniwekea kile kibuyu miguuni kwa mikono miwili. "Sabdio iko mzima. Nakunywa maziwa mpaka nacheka."

"Sabdio ni nani?"

"Mtoto. Sisi napa yeye jina. Na mimi napa yeye ndama, ya kike, nyekundu. Kwetu mtoto mgeni hapana pata ndama. Ndama ni ya mtoto ya nyumba. Sasa ukoo yote najua, Sabdio ni yetu."

Nilisikia kila neno, lakini nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, akidhani Kiswahili chake ndicho kinachonipa shida.

"Nani amewaambia ni wenu?"

"Nyale. Naambia Mumina kule India. Nasema nyinyi mbili nakubali, napiga magoti, naomba Mungu." Kisha akaniona uso. Mtu mzima yule, mwenye ndevu za hina, alirudi nyuma hatua nzima. "Mama. Wewe hapana jua?"

Nilishika nguzo ya jikoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi hapana iba mtoto ya mtu," akaondoka. Mvua ilianza kumpiga mgongoni kabla hajafika barabarani.

Samli iko pale pale alipoiweka. Kuku wanaizunguka.

Ilipofika jioni nilimpelekea Nyale vidonge vyake na maji. Sikusema kitu. Nilitaka kwanza nijue nikifungua mdomo nitatoa nini.

1 Novemba

Nimemuuliza. Nilisimama mlangoni pale pale ninaposimama kuomba.

"Mbeyu umempa Mumina?"

Alifumba macho. Nilitaka akane. Nilikuwa tayari kuamini uongo wowote, hata ule mbaya. Hakukana.

Amenieleza hivi. Walipokwisha kuua uboho wake kwa dawa, hakuwa na damu ya kuishi nayo. Siku moja kabla ya kutiwa ule mpya, Mumina alishikwa na hofu. Kabla hajaondoka Madogo wazee wa upande wa mumewe walimwambia mwanamke akitolewa urojo wa mifupa hatazaa tena maishani. Akaanza kulia, akasema anataka kurudi nyumbani, hata kwa miguu. Madaktari walimwambia si kweli, hakuwasikia. Nyale akiwa nyuma ya kioo, hawezi hata kumgusa, alijua Mumina akiondoka, yeye mgonjwa amekufa.

"Nikamwambia tutampa Mbeyu," alisema. "Nikaweka nadhiri mbele za Mungu, Mumina akinisikia, kwamba nikiishi mtoto ni wake. Akatulia. Kesho yake akalala kifudifudi, wakamtoboa nyonga."

"Na mimi? Ulimwambia mimi nimesema nini?"

Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Nilimwambia mimi na wewe tulikubaliana kabla sijapanda ndege. Kwamba wewe ndiye uliyeanza kulisema."

Mimi ndiye niliyeanza kulisema! Nilikuwa hapa, nikimfundisha Mbeyu kuomba: Mungu mponye baba. Mtoto anapiga magoti, anamwombea mtu aliyemtoa.

Nilipiga kelele, nakiri. Nilimwita majina ambayo mke wa mwinjilisti hayajui. Nilimkumbusha alichoniambia daktari wa misheni, kwamba zile dawa zimemfunga na hatutapata mtoto mwingine. "Alikuwa mmoja, Nyale! Mmoja tu!" Alilia chini ya kitambaa chake. Sikumhurumia. Uso wake uliovimba ulinichukiza, na nilichukia kwamba unanichukiza.

"Ningekufa, Kache," alisema.

Na hapo ndipo penye maumivu yangu, nisipopenda hata kupaandika. Najua angekufa. Angenipigia simu misheni, akaniuliza, labda ningejibu ndiyo. Labda ningelia siku nzima, kisha nikasema ndiyo. Sijui. Sitajua kamwe, kwa sababu hakuniuliza. Alichukua jibu langu akalitumia kabla sijalitoa.

2 Novemba, Jumapili

Nilimfuata Mzee Gershom kanisani, nikamngoja atoke. Nilitaka mtu mmoja tu wa kushangaa pamoja nami. Hakushangaa.

"Aliniambia alipofika," alisema. "Tumekuwa tukiomba, wazee wote, Bwana auandae moyo wako. Tuliona heri apate nguvu kwanza."

Wazee wote. Wanaume saba wanaokunywa chai yangu dirishani! Mimi nachemsha maji, wao wananizunguka kwa maombi.

"Kumbuka Hana, binti yangu," akaendelea kwa upole wake. "Alimtoa Samweli kwa Bwana, akamwacha hekaluni."

Nikamwambia, "Mzee, Hana aliweka nadhiri mwenyewe. Elkana hakwenda kumgawa mtoto wa Hana kwa siri. Kama mnatafuta baba aliyefungua kinywa chake akamtoa binti yake wa pekee, someni Yeftha. Na msome mpaka mwisho."

Nilirudi nyumbani kwenye mvua bila kujifunika. Nimechemsha maji.

5 Novemba

Nimesoma Hesabu sura ya thelathini. Mume akisikia nadhiri ya mkewe anaweza kuitangua siku hiyo hiyo, na Bwana atamsamehe mke. Nimetafuta mahali mke anapotangua ya mumewe. Nimegeuza kurasa mbele na nyuma. Hapapo.

9 Novemba, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nilifunga nguo zangu na gauni la manjano kwenye kitambaa, nikaenda barabarani nipate gari lolote la kwenda juu. Hakuna. Maji yamepita juu ya barabara kule mbele ya Garsen, na upande wa Malindi nako daraja dogo limebebwa. Madereva wamekaa kwenye hoteli wanacheza bao. Mmoja aliniambia, "Mama, hata samaki wanangoja."

Nimerudi. Nyale aliniuliza nilikuwa wapi. Nikampa vidonge.

10 Novemba

Mvua. Maji. Vidonge.

11 Novemba

Mvua. Maji. Vidonge. Aliomba jioni, akamaliza, akangoja. Alingoja amina yangu. Nilikuwa nakunja shuka, nikaendelea kukunja.

23 Novemba

Kijiji cha Wema kimezama. Watu wanafika kwa mitumbwi, na magodoro vichwani. Shule imejaa, kanisa limejaa. Leo mama mmoja alikuja mlangoni na watoto watatu, mdogo anakohoa kifua kizima. Aliomba chumba. Tuna vyumba viwili, na kimoja kina mtu mmoja.

Nilimkatalia. Nilisema, "Kuna mgonjwa, kikohozi kitamuua." Alinitazama, kisha akamtazama mwanawe. Nikampa jiko la nje alale na wanawe, na mimi sasa napikia chini ya karatasi ya nailoni, moto unazimika kila nikigeuka. Nimemfungia mlango mtoto wa mtu kwa ajili ya mwanamume aliyemtoa wangu. Naandika hili ili siku moja mtu aniambie mimi ni mwema au mjinga.

30 Novemba

Helikopta imeshusha mahindi na maharagwe uwanjani. Ndani yake kulikuwa na kifurushi cha dawa za Nyale kutoka misheni. Zilikuwa zimebaki chache mno. Watu wote walishangilia mahindi. Mimi nilikishika kile kifurushi, sikujua kama nimefurahi.

7 Desemba, Jumapili

Nyale ana homa tangu jana. Nilimfuta mwili kwa kitambaa, nikampa dawa ya homa waliyoiandika madaktari wenyewe. Anatetemeka kitanda kinalia.

"Ni Mungu," alisema. "Ameona umekwenda barabarani kumrudisha. Nikiivunja nadhiri atairudisha damu yake."

Nilimwangalia vizuri. Wiki zote hizi nilidhani amejificha nyuma ya Mungu ili nisimfikie. Kumbe anaogopa kweli. Anaamini Mungu wetu amekaa juu akiishika ile damu mkononi, akingoja kuona kama tutamlipa mtoto. Miaka yote tumesema amina pamoja, na tulikuwa tunamwomba nani, kila mtu na wake?

"Huyo siye Mungu uliyenifundisha," nilimwambia. "Ulinibatiza mwenyewe kwenye maji ya Tana. Hukusema anachukua watoto."

Meno yake yalikuwa yanagongana. Nilikaa naye. Nilimshika mkono, kwa sababu mtu anayeogopa hivyo hushikwa mkono, hata akiwa ni yeye.

9 Desemba

Homa imeshuka. Nimechemsha maji.

25 Desemba

Krismasi. Waliimba dirishani na maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Mzee Gershom aliniita nitoke. Nilisema nimeshika unga.

29 Desemba

Siku ya kura. Mitumbwi ya kwenda kituoni ni mingi kuliko siku zote tulizohitaji mitumbwi.

5 Januari 1998

Redio imetangaza homa huko Garissa na vijijini kando yake. Mifugo inatupa mimba na kufa, na watu waliogusa nyama wanatokwa na damu, wengine wamekufa. Watu wasichinje, wasinywe maziwa mabichi.

Anakunywa maziwa mpaka anacheka.

Nilimwendea Nyale nikamwambia, "Umesikia? Mimi nakuchemshia hata kijiko. Umempeleka mwanangu penye maziwa hayo."

Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuomba kwa sauti ile ya zamani inayofika sokoni. Nikatoka nje. Nami niliomba, kwenye mvua, karibu na ile karatasi ya nailoni. Sikuomba vizuri. Nilisema tu, Si huyu. Chukua unachotaka, si huyu. Kisha nikajisikia nikifanya biashara ile ile aliyoifanya yeye, nikafunga mdomo.

6 Januari

Hakuna habari.

7 Januari

Hakuna habari.

13 Januari

Hakuna habari. Yule mama wa Wema jikoni kwangu haulizi kitu, lakini leo nilikuta ameshachemsha maji.

30 Januari

Waislamu wamesali Idi sokoni, penye udongo mkavu. Nilimtafuta mtu yeyote aliyetoka juu. Mfanyabiashara mmoja alisema Madogo imezungukwa na maji kama kisiwa, na mizoga ya ng'ombe inanuka mpaka barabarani. Nikamuuliza kuhusu watoto. Alisema, "Mama, mimi niliuza sukari tu."

8 Februari, Jumapili

Jua. Siku tano mfululizo. Mama wa Wema amerudi kutazama alichoachiwa na mto. Jiko langu limerudi kwangu na limefagiliwa vizuri.

21 Februari

Lori la msaada linakwenda juu Jumatatu, dereva amekubali kunichukua. Nilimwita Mzee Gershom, nikamweka mbele ya jiko.

"Maji yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, kisha uimbe wimbo mzima wa tenzi ndipo uyatoe. Vidonge hivi asubuhi, hivi jioni. Mboga usimpe mbichi. Bwana akutie nguvu, Mzee."

Nyale aliuliza kutoka ndani, "Unakwenda kuivunja?"

"Nakwenda kuulizwa," nilisema.

Madogo, 24 Februari

Yu hai. Niandike kwanza hivyo. Yu hai, yu hai, yu hai.

Mumina anakaa nyuma ya maduka, nyumba ya miti na mikeka. Alikuwa anapepeta mchele wa msaada. Mbeyu alikuwa nyuma yake, ameshika ukingo wa shela yake. Amerefuka. Miguu imekuwa ya mtu. Alinitazama muda mrefu, na mimi nilijizuia nisimrukie, kwa sababu niliona nikimrukia atakimbia.

"Wewe una cherehani," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Na wewe ulikuwa unakaa chini yake."

Alifikiri. Kisha akaja akaigusa nguo yangu, akaanza kucheza na kifungo. Nililia bila sauti.

Mumina alisimama. Aliniambia aliugua homa yeye, na mtoto pia aliugua. Siku tatu alimlaza kifuani, asimpe maziwa, maji ya mchele tu, mpaka ikapita. Ng'ombe wao karibu wote wamekufa. Galgalo alikuwa amekaa pembeni bila kazi ya kufanya, na sijamwona mfugaji akikaa hivyo asubuhi.

"Galgalo alinieleza aliporudi," Mumina alisema. "Sikumwamini. Nilisema Kache amegeuza moyo sasa mgonjwa amepona. Nilikukasirikia, wifi. Niambie kwa kinywa chako. Ulisema au hukusema?"

"Sikuulizwa, wifi. Nilisikia kwa mumeo, Oktoba, chini ya paa la jikoni kwangu."

Alikaa chini juu ya mchele. Alikaa juu yake kabisa, akaumwaga. "Mimi sikumdai," alisema. "Niliogopa tu. Ningelia, kisha ningelala wanitoboe. Ni ndugu yangu, ningemwacha afe? Na yeye akaona lazima aninunue." Akajifunika uso kwa shela. "Miezi yote hii nasali nakuombea wewe. Nasema, Mola, mlipe yule mwanamke aliyenipa. Kumbe nilipewa kitu cha kuibwa."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu Novemba. Hakuna hata moja lililomstahili Mumina. Tulikaa wawili pale kwenye mchele, tunaokota punje, kwa sababu ni mchele na hautupwi. Mbeyu alituokotea pia, akitia punje moja moja kiganjani mwangu, kisha kiganjani mwa Mumina.

Nilimwambia kitu ambacho sikukipanga. "Nikiulizwa leo, nitasema hapana. Lakini uje. Uje kila kiangazi mkishuka na ng'ombe, ukae naye. Wewe ni shangazi yake na umemlaza kifuani."

"Ng'ombe gani?" alisema, na akacheka kidogo, cheko la kuchoka.

Galgalo ndiye aliyejibu kutoka pembeni. "Ile nyekundu ipo. Moja. Ile ya Sabdio." Akatuangalia wote wawili. "Hata nakwenda, ni yake. Mimi hapana nyang'anya mtoto."

Nilimvika Mbeyu gauni la manjano. Lilikuwa fupi. Nililegeza pindo lote, likamfika magotini.

Tarasaa, 27 Februari, Ijumaa

Tumefika mchana. Mbeyu alilia njia nzima mpaka Hola, akimwita Mumina mama, nami nilimwacha alie. Sikuwa na haki ya kumwambia anyamaze.

Mzee Gershom alitupokea mlangoni, macho mekundu kwa moshi, mikono imebabuka. Alitaka kusema neno, akaona heri asiseme. Alichukua kofia yake akaenda.

Nesi wa misheni alisema mtoto akiwa hana kikohozi anaweza kusimama mlangoni. Kwa hiyo nilimsimamisha pale, mahali pangu. Nyale alikuwa ameketi kitandani, ameshachana nywele, amevaa shati la kanisani. Alipomwona alifunua kitambaa usoni kidogo, ili amtambue.

"Bwana ni mwema," alisema, sauti inakatika. "Kama alivyomrudishia Ibrahimu. Alitaka tu kuona moyo wangu. Jumapili nitatoa ushuhuda, Kache, mbele ya wote."

Nilisikia hilo neno, alitaka kuona moyo wangu, na kitu cha mwisho ndani yangu kikajifunga. Anadhani ilikuwa ni yeye na Mungu. Hata sasa. Wanawake wawili wameokota mchele chini, na yeye anaona kondoo kichakani.

Mbeyu hajamwona baba yake tangu Aprili ya mwaka jana, na sasa anaona mtu aliyevimba uso, mwenye nywele fupi, asiyemjua. Lakini amelelewa na mwanamke mwenye adabu. Mumina alimfundisha nani ni nani katika ukoo, na kaka yake mama huitwaje.

Mbeyu alipiga goti kidogo, akashika gauni lake.

"Shikamoo, mjomba."

Nyale alikuwa amemnyooshea mkono. Mkono ulibaki hewani. Alinitazama, akingoja, vile vile alivyokuwa akiingoja amina.

"Mwambie mimi ni nani," alisema.

"Mwambie mwenyewe," nilisema. "Mwambie yote."

Nikamwachia mlango, nikaenda kuchemsha maji.